Nilivyokuwa Kalovola wa Redioni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikataa chai ya mtu ambaye hakuwa amenikosea kitu. Ilikuwa Hell-Ville, mji wa kisiwa chetu cha Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa ambamo kikundi chetu kilirekodi michezo ya redio. Mzee mmoja, Tombo jina lake, alikuwa ameketi mkekani akimimina chai. Aliposema tu, "Karibu, binti," nikarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa sauti ya yule mchawi aliyemroga bibi arusi akawa bubu, katika mchezo tuliousikiliza kijijini kwetu Marodoka, mama, shangazi na mimi, tumeizunguka redio ya jirani kama watu waliozunguka sinia. Mimi nilikuwa mpenzi wa michezo ile kupita kiasi. Nilijua wahusika wote, nani mtoto wa nani, nani kamdhulumu nani, na mchawi yule alipoanza kusema nilikuwa nikiirushia redio kandambili, mpaka jirani akatishia kutufungia mlango.

"Ahsante baba, nimeshakunywa," nikasema.

Mzee Tombo akacheka. "Hujakunywa wewe. Unaniogopa. Haya, subiri nawe upewe sauti ya mtu mbaya, tutakunywa pamoja."

Nyinyi vijana wageni msemao Kiswahili, mnaotaka kazi hii, mnaoniletea simu zenu nizungumzie ndani, anzeni na hilo. Msikilizaji ana haki ya kuwa mjinga. Nami nilikuwa na haki hiyo mpaka siku ile nilipoingia chumba kile.

Aliyenichukua alikuwa Mtayarishaji, yaani bwana aliyegawa sauti na kusimamia kurekodi. Alisema sauti yangu ni nzito kwa msichana, na nzito ndiyo aliyoitaka. Maikrofoni ilikuwa moja, sote tumeizunguka. Anayenong'ona anasogea mpaka shubiri moja, anayepiga kelele anarudi mlangoni. Herufi zinazopasuka midomoni, p na b, unazisema umegeuza shavu, la sivyo nyumbani kwao wanasikia bunduki. Karatasi za maneno hazibanwi kwa pini. Ukimaliza ukurasa unauachia uanguke mkekani polepole, usisikike. Kulikuwa na mtu wa vishindo, ambaye mvua aliifanya kwa mchele kwenye ungo na moto kwa karatasi ya kufungia sabuni. Kurudia hakukuwepo. Kanda zilikuwa adimu miaka ile, na sabuni yenyewe adimu, kwa hiyo ukikohoa, basi mhusika wako ana kifua wiki nzima. Kanda zikijaa zinapakiwa melini kwenda Mahajanga, mji wa bandari ng'ambo ya kisiwa chetu, na huko ndiko zilikorushwa hewani.

Michezo yote ilikuwa ya Kimalagasi cha pwani yetu. Kiswahili kwetu kimebaki kwenye dua na kwenye majina ya vitu vya sokoni na baharini. Mimi hiki ninachokiandika nimekipata kwa mume wangu, Bakari, Mngazija aliyelelewa Unguja. Alikuja Nosy Be kumtembelea shangazi yake, akanioa, akanichukua Mahajanga, ambako alikuwa akipima mizigo bandarini. Tulipanga nyumba mtaa wa Ampisikina. Ndugu zetu Wangazija wengi walikuwa wameshaondoka mji ule, kwa mauaji yanayojulikana na ambayo sitayarudia hapa, na majirani zetu walikuwa watu wa kila namna. Ndani ya nyumba, mimi na Bakari tulisema Kiswahili. Nje tulisema kama wenzetu.

Mahajanga nikaajiriwa kwenye kituo cha redio. Hapo nilikuwa chini ya Mkuu wa Kituo, mtu wa suruali zilizonyooshwa vizuri, na chini ya Mwandishi, ambaye hatukumwita kwa jina lingine. Mwandishi ndiye aliyenizalia Kalovola.

Kalovola alikuwa mwanamke wa ng'ombe wengi. Mumewe alioa mke wa pili kwa mali yake mwenyewe Kalovola, na akamleta mke huyo alale chumba kilichojengwa na Kalovola. Basi siku moja, baada ya kula, Kalovola akampa mumewe maji ya ukoko. Mnajua, maji yanayochemshwa juu ya ukoko wa wali sufuriani, na huku kwetu hakuna mlo unaoisha bila hayo. Akatia alichotia. Mtu wa vishindo alikwangua sufuria kwa kijiko, nami nikasogea shubiri moja nikasema taratibu, "Kunywa, baba watoto, yamepoa."

Lahaula! Sijui niseme nini. Mji mzima uliyameza maneno yale. Watoto wakawa wanaimba njiani, "Kunywa, baba watoto!" Akina mama walikwenda kwa mwenzetu aliyekuwa sauti ya mume, wamebeba mchele na ubani, wanalia kwa sauti, naye akawatokea na fulana akitafuna muhogo. Walimkasirikia kwa kuwa hai! Waliacha mchele wakaondoka na hasira. Mimi nilicheka siku ile mpaka nikashika mbavu.

Kicheko kiliishia sokoni. Mama wa mboga niliyemzoea alininyang'anya fungu la mchicha mkononi.

"Sikuuzii."

"Nimefanya nini, dada?"

"Mzee wa watu alikukosea nini? Hata kama alioa, ndiyo umuue?"

Nikamwambia ni mchezo, nasoma karatasi, nina mume mzima yuko bandarini. Akaniangalia kwa huruma, huruma ambayo ni mbaya kuliko tusi, akasema, "Lisemwalo lipo." Nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Nilimwendea Mwandishi. "Bwana, nipe maneno machache tu ya kujuta. Mwanamke huyu ana moyo. Mimi namjua." Na kweli nilimjua, kwa maana sikuwa nimeacha upenzi wangu. Wengine wote walimchukia, mimi nilimpenda. Nilikuwa namwombea dua, msinicheke, namwombea Kalovola kwa Mungu wangu kama dada aliyepotea.

"Zalihata," Mwandishi akasema, "akijuta leo, kesho watazima redio."

Nikapanda kwa Mkuu wa Kituo. Hakuinua hata kichwa. "Chuki yao ndiyo mshahara wako, mama. Wangekuchukia kidogo, ningekulipa kidogo."

Likizo moja nilipokwenda kwetu Nosy Be nilimtafuta Mzee Tombo. Alikuwa amehamia kisiwa cha jirani, Nosy Komba, kwa mwanawe ambaye mkewe alidarizi vitambaa vya meza vya kuuza. Alinimiminia chai kabla sijakaa, nikainywa yote, na nikaomba nyingine. Nikamweleza ya sokoni.

"Ya sokoni yaache," akasema. "Mimi hapa kisiwani kuna watu hawapiti nyuma ya nyumba yangu. Mradi wajukuu wanakunywa. Tazama nyumbani kwako, binti. Nyumbani wanakunywa?"

"Wanakunywa, baba."

"Basi u mzima."

Na kweli walikuwa wakinywa. Bakari aliligeuza jambo lote kuwa mzaha. Kila mchana tukimaliza kula barazani, nikimpa kikombe chake, alikiinua juu majirani wamwone, akauliza kwa Kimalagasi, kwa sauti ya kwenda mpaka kona, "Leo umenitilia nini, Kalovola?" Watu wakacheka upande huu na ule. Mama Soa, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa akijibu kabla yangu, "Kunywa, baba watoto!" Binti yetu Echati, mdogo wakati huo, alikuwa akipiga makofi mapajani kwa babake. Bakari akanywa mpaka tone la mwisho, kisha akanigeukia, akasema polepole kwa Kiswahili, "Ahsante, mke wangu." La kwanza lilikuwa la mtaa. La pili lilikuwa langu, na mtaani hakuna aliyelielewa.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha vikazuka vituo vya watu binafsi, ikaingia televisheni na michezo ya nje yenye picha, na siku moja Mkuu wa Kituo mpya, kijana, akatuita akasema, "Tunakata." Nikamuuliza, na Kalovola je? Hajahukumiwa, hajatubu, hajafa. Amwache hivyo hivyo, na kikombe mkononi? "Nani anajali, bibi?" akaniambia. Mpumbavu yule! Watu waliosubiri miaka yote kumwona akiadhibiwa walibaki na hasira yao, na wa kuimalizia hawakuwa naye, ila mimi niliyepita mlangoni kwao na kikapu.

Bakari akaugua ini. Daktari alilitaja jina la ugonjwa, akaliandika, nami nililionyesha mtaani kwa kila aliyeuliza. Alikonda, tumbo likajaa, chakula kikamshinda, ikawa kinachopita kooni ni maji ya ukoko tu. Nilikuwa nachemsha wali ambao hauna mlaji, ili nipate ukoko.

Siku moja majirani walikuja kumtazama, chumba kimejaa, Mama Soa kakaa miguuni pake. Nikamletea kikombe. Akajiinua kwa kiwiko, naona kabisa anataka kuwachekesha wageni, akasema kwa Kimalagasi, kwa kile kipande cha sauti kilichobaki, "Leo umenitilia nini, Kalovola?"

Hakuna aliyecheka. Mama Soa akavuta leso yake akainamisha uso. Bakari akanywa, akanigeukia, midomo ikacheza bila kutoa neno, akalala. Asubuhi yake hakuamka.

Mzaha wa miaka yote ukageuka ushahidi. Walimzika vizuri, sina lawama, walimbeba na kumsomea. Hitima niliifanya Alhamisi. Nilipika mwenyewe, kwa mikono yangu, pilau sufuria kubwa na maji ya ukoko kwenye birika. Waliposoma wakamaliza, nikatoa masinia. Mmoja akasema amefunga sunna. Wa pili akasema amefunga. Mashallah, mtaa mzima ulikuwa umefunga! Hata Mama Soa, ambaye si Mwislamu, alisema tumbo linamsumbua. Waliniombea subira, wakavaa viatu wakaenda zao. Pilau ikapoa masinia yakiwa yamejipanga pale chini, nami nikasimama katikati yake kama mtu aliyekosea nyumba.

Akabaki Echati, aliyekuwa amekuja kutoka kwa mumewe Hell-Ville. Alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka. Nikammiminia kikombe.

"Kunywa mwanangu, upoze koo."

Akakipokea. Akatazama ndani. Si muda mrefu, ni kama mtu anavyotazama kama kuna mdudu. Kisha akanywa chote, akanirudishia, akanikumbatia. Wala sidhani kama alijua kwamba alitazama.

Sasa nimestaafu, pensheni yenyewe ya kununulia chumvi. Mnaniuliza kama ninajuta. Mnapenda nijibu kwamba sanaa ni kitu kizuri, na kwamba kuchukiwa ni dalili ya kazi njema. Mzee Tombo amekufa, Mwandishi amekufa, kanda wamezifuta wakarekodi nyimbo juu yake. Hakuna kijana anayemjua Kalovola. Waliobaki wanaomjua ni majirani zangu, wazee wenzangu, na wao hawajasahau. Mkiondoka nyinyi, Kiswahili sina wa kusema naye hapa. Nawaandikia nyinyi kwa sababu sina mwingine.

Echati huja kila mwaka baada ya mwezi wa Ramadhani. Napika, tunakula, nachemsha ukoko. Nikimmiminia kikombe chake, kwanza naonja mimi, mbele yake, ndipo nampa. Nilianza mwenyewe, hakuniomba.

Hajawahi kuniambia niache.