Mbanguaji na Korosho za Moto

Mitaani wanasema Mama Nzima alifukuzwa kiwandani kwa wizi, eti alificha korosho kwenye upindo wa nguo. Wengine wanasema marehemu mume wangu, mwenye kiwanda, alikuwa na moyo wa jiwe. Yote mawili ni uongo. Mama huyo tumemzika juzi, na mimi, mwalimu mstaafu niliyewafundisha kusoma baadhi ya hao wasemaji, sitakubali uongo huo ubaki juu ya kaburi lake wala la mume wangu.

Aliitwa Mama Nzima kwa sababu korosho zilitoka mikononi mwake nzima, nyeupe, bila ufa. Wabanguaji wetu walikuwa wanawake sitini, kila mmoja na jiwe lake na kirungu chake, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasiwababue. Nilipoolewa alinikalisha kando yake nijaribu. Nikaponda punje kumi mfululizo.

"Bi harusi," akasema, "hiyo ni korosho, si nyoka. Igonge kama unabisha hodi kwa mkweo."

Benchi zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Mashine ya kubangua niliitaka mimi. Ndimi niliyesoma kijitabu chake na kuwatambia mashemeji mezani kwamba chuma kimoja kitafanya kazi ya watu sitini. Mume wangu hakukurupuka. Baada ya kuinunua alisema, "Tuishindanishe na wabanguaji. Ikivunja korosho kuliko akina mama, inarudi ilikotoka, na wao wanabaki."

Fundi aliijaribu siku tatu. Nikachungulia trei: karibu nusu ilikuwa vipande. Niliwaona mashemeji wakininyooshea vidole: msomi wetu huyo!

Korosho ikishapikwa kwa mvuke, kabla ya kubanguliwa, hulazwa hadi kesho yake, ganda likauke na punje ijikaze. Kila mbanguaji analijua hilo. Asubuhi ya shindano, magunia yaliyolala niliyapeleka kwenye mashine. Ya akina mama niliagiza yatolewe kwenye pipa la mvuke saa ileile.

Mama Nzima alishika moja, akaigeuza kiganjani. "Mwalimu, hizi hazijapoa."

"Anzeni, mama. Mashemeji wanasubiri."

Alinitazama, kisha akachukua kirungu.

Zilimpondekea kama zilivyonipondekea mimi siku ya kwanza. Mume wangu alizitazama trei mbili, ya akina mama ikiwa na vipande vingi kuliko ya mashine, akaamini macho yake. Mwisho wa wiki wanawake sitini waliondoka. Mama Nzima akaanza kufua nguo za watu, kwa mikono ileile iliyobabuka. Mume wangu alisemwa vibaya mpaka anaingia kaburini, bila kujua nilichofanya. Nilimwacha aubebe mzigo wangu.

Nilipofiwa nilikwenda kwa Mama Nzima. Nilimkuta uani akianika mashuka.

"Zile korosho za siku ile," nikaanza.

"Nilizishika, mwalimu. Mikono yangu haikwenda shule, lakini si vipofu."

"Mbona hukumwambia mzee?"

"Nimwambie nini? Kwamba mkewe mwalimu hajui korosho? Angekuita, ungekana, na mimi ningekuwa mwongo juu ya kukosa kazi." Akanirushia ncha ya shuka. "Shika hapo, usiiburuze chini."

Nikashika. Tukalikamua pamoja, yeye upande wake, mimi wangu, na maji yakanilowesha viatu. Ndipo nikamwomba msamaha.

Kwa hiyo jueni: hakuiba hata punje moja, na mume wangu hakuwafukuza kwa ukatili. Aliyewaondoa ni mimi, kwa kuogopa kuchekwa. Jana binti yake alikuja kuniuliza kama mama yake alinisamehe. Nilimwambia yote haya, isipokuwa jibu la mama yake. Hilo alinipa mimi. Sitamwambia binti, na ninyi msiniulize.