Hodi Isiyo na Mwenyewe

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambe.

Juma lililopita ulirudi kutoka kituo cha afya umebeba kompyuta ndogo inayolinda frigo ya chanjo. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wakingoja sindano ya Jumatatu, na mashine hiyo ilikuwa ikikwama hovyo. Nilikuuliza kinachoiua.

"Koko, kuna kifaa kinaiita bure. Inaacha kazi, inakimbia kuitika, haikuti kitu. Ikirudi, inaitwa tena. Mwisho haipimi hata baridi."

"Na wewe umefanya nini?"

"Nimeifunga masikio. Programu haitasikia tena njia ile ya miito." Ukacheka. "Sasa inatulia kuliko weye, Koko."

Ni kweli, sikutulia. Wakati wa vita, hapahapa Kindu, mlango wetu uligongwa na watu wasiotamka hodi. Aliyekuwa akitwanga aliweka mchi chini kwanza, akasimama kando ya ukuta, akauliza: nani? Asiyejitaja hakufunguliwa, na kazi iliendelea. Kugongwa bure kulipozidi, babu yako aliamuru tusiitike kabisa. Lakini mdogo wangu, mjamzito, aliishi ng'ambo ya ua, naye hakuwa na mlango mwingine wa kutuita. Kwa hiyo nilipenya kwa nyuma mara kwa mara kumtazama. Siku moja nilimkuta sakafuni, ameshikwa na uchungu. Alikuwa amegonga, nasi tukanyamaza.

Ulikuwa umeacha kucheka. "Koko, kengele ya joto inapita njia ileile niliyoifunga."

Uliiandika upya programu palepale uani, nami nikizunguka nyuma yako.

"Kaa basi, Koko, unanizibia mwanga!"

Sasa programu ikiitwa, inauliza kila kifaa cha njia ile kama ndicho kilichoita. Kisichokiri hakiguswi, na kazi iliyoachwa inaendelea pale ilipoishia. Miito mitupu ikizidi, njia inafungwa, lakini programu inakwenda yenyewe kutazama kipimajoto kila baada ya muda mfupi. Uliifunga njia makusudi kujaribu, ukakifumbata kipimajoto kiganjani. Kengele ikalia.

Jumatatu nilikwenda kituoni, nikamwagiza muuguzi afungue frigo nione.

"Koko, tukiifungua ovyo, njo joto litaingia!"

Nikabaki mlangoni, benchi sikuitaka, hadi mtoto wa kwanza alipopiga yowe la sindano. Ndipo nikaenda sokoni.