Mpagazi Aliyetukana Mbele ya Mzungu wa Msituni

Kontena letu lilikwama bandarini Nansha kwa sababu ya kimbunga, ikawa hatuna la kufanya Guangzhou ila kungoja. Nasema sisi, maana nilikuwa na mwenzangu, mama wa Kizanzibari anayenunua mabaibui na mitandio. Mimi ni mwanamke wa Morogoro, nachukua nguo za watoto kule soko la Liuhua. Tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya mzee mmoja wa Kichina, mjane, aliyekuwa fundi redio kabla hajastaafu. Tulimwita laoban, yaani bosi, kama tunavyowaita wenye maduka. Yeye alituita pengyou, rafiki. Sokoni ukiitwa hivyo ujue kuna mtu anataka kukuuzia kitu, lakini mzee huyu hakuwa na cha kutuuzia.

Alipenda filamu za zamani, zile za nyeusi na nyeupe. Jumapili ya kwanza alitualika sebuleni kwake tuone filamu ya Kimarekani ya mzungu anayeishi msituni Afrika na mchumba wake. Mwenzangu hakumaliza hata chai.

"Astaghfirullahi! Mwanamke kavaa leso mbili za kufutia jasho!" Akainuka, akaenda zake chumbani.

Jumapili iliyofuata mvua ilikuwa bado inanyesha. Mzee akatugongea mlango, akazungumza na simu yake, nayo ikatafsiri kwa Kiswahili cha kuchechemea. Ya leo ni sehemu ya pili, ilisema. Wakubwa wa Amerika walikasirikia ile ya kwanza, wakaamuru ya pili iwe na adabu. Nguo zimeongezwa.

"Zimeongezwa kiasi gani?" mwenzangu akauliza.

Mzee akainama, akagusa goti. Basi tukaenda.

Kweli, gauni lilifika magotini. Sasa mpe mfanyabiashara wa nguo filamu ya namna hiyo uone kama atatulia.

"Tazama upindo ule, dada," nilimwambia. "Umepigwa cherehani. Huko msituni fundi ni nani, nyani?"

"Shoga, niache. Mwenzio kajistiri, we unatafuta upindo."

Mara akatokea padri, kanzu imenyooka kama imetoka kwa dobi, akawafungisha ndoa wale wawili chini ya mti.

"Alhamdulillahi," akasema mwenzangu, akajimiminia chai nyingine.

"Mimi ndiye Mkristo hapa," nikamwambia, "na nakuuliza: padri huyu kapitia wapi? Na pete je?"

Kwenye kioo, mzungu mmoja mwenye kofia alikuwa anawafokea wapagazi wapande mlima. Mpagazi wa mbele, mwembamba, sanduku kichwani, akageuka akasema kwa sauti kavu, tena kwa Kiswahili kilichonyooka: "Huyu hana akili, na njia yenyewe haijui. Mzigo abebe mamaake."

Nilicheka nikamwaga chai. Mwenzangu alijiziba mdomo kwa mtandio. Mzee akasimamisha filamu, akatutazama mmoja mmoja. Akarudisha nyuma, akatuonyesha kwa kidole maandishi ya Kichina chini ya picha, kisha akaileta simu. Hapa imeandikwa: Ndiyo bwana, tunakuja. Je, si hivyo?

Mwenzangu akakaa vizuri, akakohoa kidogo. "Mwambie anasema mzigo ni mzito."

"Dada!"

"Si mzito? Kaubeba kichwani."

"Nguo wameongeza Wamarekani, na wewe unaongeza maneno?"

"Mie mtu mzima. Maneno yale siyatamki mbele ya mzee wa watu."

Nikachukua simu, nikayatamka mimi, yote, na mama akiwemo. Simu ikasema kitu kwa Kichina. Mzee akainamisha kichwa. Nikaogopa, nikajua tumeharibu. Kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akavua miwani aipanguse. Miaka yote hii, alisema alipopata pumzi, nilimdhania mtu mpole.

Wale wakubwa walipima magoti ya mwanamke, nadhani, ila hakuna aliyemuuliza mpagazi anasema nini. Labda alikuwa baharia aliyeachwa na meli huko Amerika, akaajiriwa kwa siku chache abebe sanduku tupu.

"Huyu wetu," mwenzangu akasema ghafla. "Sikiliza anavyosema. Huyu wa Unguja, wala si wa kwenu bara."

"Tusi limekuwa zuri sasa, mmelichukua?"

"Limesemwa kwa ufasaha."

Tukaendelea kumsubiri kila anapotokea. Mara ya pili alimwita mwenye kofia kobe. Ya tatu alilalamikia chakula, na hilo mwenzangu alilitafsiri mwenyewe, bila kupunguza hata chumvi.

Mara ya mwisho hatukucheka. Mpagazi mwenzake aliteleza ukingoni mwa genge, akaanguka. Wazungu wakatazama chini, mmoja akauliza kama sanduku limepona, msafara ukaendelea. Yule mwembamba alibaki nyuma kidogo, akasema kwa sauti ndogo: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Chini ya picha hapakuwa na maandishi yoyote.

Mwenzangu aliitikia palepale, kama tuko msibani, akamwombea marehemu. Mzee akamtazama, akaiweka simu mezani bila kuuliza, na filamu akaiacha imesimama mpaka alipomaliza.

Kisha mwenzangu akajifuta macho, akamwashiria mzee aendelee. "Haya, tuone kama yule mwenye kofia ataliwa na mamba. Wallahi sitasikitika."

Hakuliwa. Alirudi kwao salama, tena tajiri, na mwenzangu alinuna mpaka wakati wa chakula cha jioni.