Nilivyomwekea Matanga Mzee wa Kwenye Gemu

Aibu yangu naisema mwenyewe kabla Mama Kastuli hajawasimulia, maana yeye akisimulia anaongeza chumvi, anasema eti nilijigaragaza chini, mimi sikujigaragaza, nilikaa tu kwenye mkeka nikajifunga kanga kichwani kama mtu mwenye akili zake. Ila mengine yote ni kweli. Niliweka msiba hapa Kihesa, watu wakaja na unga na kuni, turubai likafungwa, na marehemu mwenyewe alikuwa mzee wa kwenye gemu.

Sasa mjue kwanza kilichoniuma. Mimi shule niliishia darasa la pili (la tatu nilichungulia dirishani tu), kanisani sina cheo, kwaya walinitoa sauti ilipokwisha, kitu kimoja tu ninacho hapa mtaani: kwenye kikundi chetu cha kufaana mimi ndiye natoa taarifa ya msiba. Nikipiga simu nikasema fulani katutoka, mtu haulizi mara mbili, anatia unga kwenye ndoo anakuja. Mama Kastuli, ambaye tunapakana ukuta, kazi hiyo ameitamani miaka, lakini wenzetu wanamwambia ngoja, Bibi Upendo hajawahi kukosea.

Upendo ndiye mjukuu wangu, nakaa naye wawili tu, anauza kwenye duka la dawa huko mjini. Basi akanunua mashine ya gemu, ile unachomeka kwenye runinga, na pedi ya kushika mikononi, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua, mtu hutoki nje, akaniambia, "Bibi, kaa hapa ucheze, utachangamka." Nikajua ni mpira. Kumbe ni nchi nzima. Ina milima, ina ukungu kama wa Igowole, kule Mufindi nilikozaliwa, ina misitu na mito na vijiji na watu wanalima, na hakuna wa kukuamrisha, unataka kwenda kushoto nenda, unataka kukaa kuangalia kuku kaa. Mimi siku ya kwanza niliangalia kuku mpaka chai ikapoa. Upendo akasema, "Bibi, kuna ufalme wa kuokoa." Nikamwambia ufalme utangoja, yule kuku mwekundu anaonekana ana mafua.

Na kama na nyie mnataka kuanza, niwaambie, maana mimi nimeyapata kwa taabu. Usiokote kila kitu. Mimi nimekua najua kuni ikilala njiani hupiti ukaiacha, nikaokota kuni zote, masufuria, kabichi, ndoo ya mtu, mpaka yule mama wa kwenye gemu (ambaye ndiye mimi, nilimchagulia mvi na kiuno kinene) akawa anatembea kama amebeba nyumba, hawezi kukimbia, na mbwa mwitu wanakuja. Halafu ukiingia nyumba ya watu usiguse, wanakuona, nilichukua mkate mmoja nikakimbizwa na askari kijiji kizima. Na majani ya dawa chuma mapema, na nguo ya kwanza nzuri ukiipata usiiuze. Na ng'ambo ya mto usiende kabla hujapata nguvu. Hilo Upendo alinirudia mara tatu. Na kingine akaniambia, "Bibi, kabla hujatoka kijijini bonyeza hapa usevu," nami nikawa nabonyeza kila mara bila kujua ni ya nini, nikidhani ni kama kuweka dole gumba kwenye daftari la mwenyekiti.

Sasa kule kijijini kuna mzee anabeba taa. Jina lake limeandikwa kizungu, sikulijua, nikamwita Mzee Taa. Yule mzee, jamani, ana heshima. Wengine wote unawaamkia kamwene hawaitiki, wanasema maneno yao wanaendelea, yeye anainamisha kichwa. Ukitoka safari anakusindikiza, anakuja nyuma yako na taa yake, ukiumia anakupa dawa, ukipumzika anapumzika. Wiki tatu tumetembea naye. Marehemu mume wangu hakunisindikiza hivyo hata mpaka stendi.

Ila kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua rohoni. Mzee yule anatembea nyuma yangu. Mimi mwanamke, mzee wa watu nyuma, mimi mbele natanua mabega. Kwetu huwezi. Basi siku hiyo asubuhi, Upendo ameshakwenda kazini, tumefika darajani, nikasema hapana, leo nampa mzee nafasi yake. Nikasimama pembeni ya njia nikamngoja apite. Hapiti. Nikarudi nyuma yake nikamsukuma kidogo kwa bega, taratibu, kama unavyomwelekeza mzee mlangoni, akasogea. Nikamsukuma tena. Akasogea, akavuka daraja mbele yangu na taa yake, nami nyuma nimefurahi, nasema sasa ndiyo adabu.

Likashuka joka. Lina mbawa kama turubai la lori. Mzee Taa akanyanyua kifimbo chake cha kutembelea, joka likampulizia moto mara moja tu. Taa ikaanguka ikazimika.

Nikaweka pedi chini. Niliita, hakuamka. Nikakaa nikaona kabisa, huyu mzee nimemuua mimi, alikuwa nyuma salama, nimemtoa mbele kwa mikono yangu. Machozi yakaja yenyewe. Na mtu akifa mbele yako unafanyaje, mimi mikono yangu inajua kazi moja tu, nikazima runinga, nikazima redio, nikatoa viti nje, nikatandika mkeka, nikajifunga kanga kichwani nikakaa.

Ndipo Mama Kastuli akaingia kuomba chumvi.

Akasimama mlangoni, akaniangalia, akaangalia viti. "Bibi Upendo. Kuna nini?"

Na hapa ndipo nilipoharibu, mambo mengine yote yalitoka hapa. Ningesema tu ni wa kwenye gemu, angecheka, angechukua chumvi akaenda. Lakini niliona aibu, bibi mzima na pedi, na wa kunicheka ndiye yeye. Nikasema, "Mzee Taa ametutoka."

"Mzee Taa yupi?"

"Mzee mmoja. Tumetembea naye sana."

"Jamani. Ameugua nini?"

"Hakuugua. Ni moto."

Akashika mdomo, akatoka, chumvi akaisahau. Nikajua anarudi kwake. Kumbe amekwenda kupiga simu, na amepiga kwa jina langu, anasema Bibi Upendo yuko mkekani amefiwa, na kwa sababu ni jina langu hakuna aliyeuliza.

Haikupita saa wakaanza kuingia. Unga. Maharage. Sahani za kikundi, zile za bati zenye alama nyekundu. Wanaume wakaja na turubai wakalifunga kwenye ukuta wa Mama Kastuli, wakawasha moto, kuna mmoja akaleta dumu la pombe ya ulanzi akaliweka nyuma ya choo akidhani sijamwona. Bi Zuwena akaja, yule rafiki yangu wa maandazi, wakwe zake walitoka pwani, akanikumbatia akakaa karibu yangu akanishika mkono, na mkono wa Bi Zuwena ni laini, ulinimaliza, nikalia tena, na mimi nikilia na wao wanalia. Kila aliyeingia nikasema huyu nitamwambia. Akishaweka ndoo chini, akishapiga magoti, naona haya, nasema basi anayefuata.

"Mwili uko wapi, dada?" Bi Zuwena akaniuliza taratibu.

"Huko huko."

"Huko Mufindi?"

"Mbali kuliko Mufindi. Ng'ambo ya mto."

"Sasa anazikwa lini?"

"Sijui kama wanazika."

Wakaangaliana. Mama Kastuli akasema kwa sauti ya chini, ile yake ambayo wanaisikia mpaka wa barabarani, "Ni mshtuko. Msimuulize." Halafu mwenyewe akauliza, "Lakini moto uliwakaje?"

Nikasema, "Aliwashiwa."

"Na nani?"

Nikasema sijui jina lake. (Jamani, katika yote niliyosema siku ile hakuna uongo hata mmoja, pimeni wenyewe.)

Nje wanaume wakaanza kusema habari ifike polisi, mzee ameunguzwa na mtu, haiwezekani tukanyamaza. Nikalisikia neno polisi. Nikasema moyoni Upendo akirudi nitamnong'oneza, yeye atajua la kufanya, nikafunika uso na kanga nikangoja saa kumi.

Upendo akafika. Sasa fikirieni, nyumba tunaishi wawili, mmoja ni yeye, anakunja kona anaona turubai nyumbani kwao. Alitupa mkoba. Alikuja anakimbia anaita "Bibi yangu, Bibi yangu," akaanguka kwenye mikono ya wamama hapo mlangoni, nao wakamshika wakamwambia, "Jikaze mwanangu. Mzee alikupenda."

Akauliza, "Mzee gani?"

Akatoa kichwa katikati ya wamama akaniona nimekaa, mzima, nimeshika kikombe. "Bibi. Nani amekufa?"

Chumba kizima kikanigeukia. Sina pa kukimbilia. Nikasema, "Mzee Taa."

"Mzee Taa," akasema. "Mzee Taa wa kwenye gemu?"

Yalisikika maharage tu yakitokota nje.

Bi Zuwena akauachia mkono wangu. Hakuutupa, aliuweka tu chini kwenye goti langu, kama unavyorudisha kitu cha mtu.

"Bibi," Upendo akasema, sasa machozi yake na kicheko vimechanganyika, "ulisevu kabla hujatoka kijijini?"

"Nilibonyeza pale ulipotaka."

Akawasha runinga mbele ya wote, akabonyeza, akabonyeza. Na hapo nikaelewa kusevu ni nini: gemu inakumbuka pale ulipokuwa, ukiharibu huko mbele unarudi pale kama hujawahi kuondoka. Kijiji kikatokea, kuku mwekundu akatokea, na kando ya kisima Mzee Taa huyo hapo, na taa yake inawaka.

Wamama wakasogea mbele na mikeka yao. Wanaume wakachungulia dirishani.

"Ndiye marehemu huyu?" Mama Kastuli akauliza.

"Ndiye."

"Mbona anachimba viazi?"

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na kilianzia kwa wanaume wa dumu. Wakala ugali na maharage yote, wakisema matanga ya mtu aliye hai yanaliwa vizuri zaidi. Wakamwambia Upendo awaonyeshe lile joka, wakalitukana. Nami nimekaa hapo nimeinama, nachezea pindo la kanga.

Nikajua yameisha, ndipo mdogo wangu Ester akafika na giza likianza, kutoka Chimala, na nusu gunia la mchele kwenye bodaboda, analia kuanzia getini. Mama Kastuli alimpigia na yeye. Alipoelezwa alikaa juu ya mchele.

"Nimelia kutoka Chimala mpaka Mafinga," akasema.

Bi Zuwena akamuuliza, "Mafinga ukanyamaza?"

"Mafinga nilinunua mahindi ya kuchoma."

Sasa mngependa niishie hapo tukicheka. Lakini mwezi ule ule mama mkwe wa Bi Zuwena alifariki alfajiri, na wenzetu Waislamu wanazika siku hiyo hiyo, hawangoji. Bi Zuwena akanipigia mimi. Pamoja na yote, akanipigia mimi. Nikachukua simu nikampigia wa kwanza kwenye kikundi, nikasema jamani, msiba, akaniuliza, "Wa hapa au wa huko, Bibi?" akacheka akakata. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaniuliza kama joka limeshikwa.

Nikaweka simu, nikavaa viatu. Na magoti yangu haya mnayoyaona nilipita Kihesa mlango kwa mlango, nimesimama mbele ya kila mtu anione uso, nasema mama mkwe wa Zuwena, wa nyumba ya bati la bluu, mnamjua, amefariki, mazishi adhuhuri. Mlango wa nne alikuwa Mama Kastuli. Aliniangalia usoni, hakuuliza chochote, akavaa kanga ya pili, akaniambia, "Wewe shika upande wa juu wa mtaa, mimi nashika wa chini." Wakaja wote. Wawili tu walichelewa.

Kwa hiyo kazi yangu bado ninayo, ila ni nusu, nusu nyingine ni ya Mama Kastuli, na nimeahidi mbele ya kikundi kwamba sitatamka tena kifo cha mtu bila kusema kwanza nyumba yake iko mtaa gani. Kikiwa hakina mtaa, nalia peke yangu na mlango nimefunga.

Gemu bado nacheza. Joka sasa nimeshalipiga. Ila darajani nikifika natangulia mimi, mzee wa watu nyuma na taa yake, aseme sina adabu akitaka, lakini yu hai.