Chanuo la Shemeji na Wigi Langu

Baba yangu aliwahi kununua mwamvuli. Huo ndio mwanzo wa maneno yangu, na anayetaka nianzie kwingine aandike yeye. Nilikuwa mdogo, huko Mungaa, na ilikuwa kiangazi, hata wingu hamna. Mzee akaufungua uani ili majirani wauone. Upepo ukampokonya. Mwamvuli ukaruka zizi, ng'ombe wakavunja boma, na bibi yangu akakataa katakata usirudi ndani, eti kitu kinachokimbia bila miguu kina wenyewe. Baba akatupa mkono tu: "Huku usilete kitu chepesi."

Nasikia siku hizi wataalamu wanakuja kuupima upepo wetu wapate umeme. Waupime. Mimi niliishia darasa la pili, lakini upepo wa Singida naujua, na siku nilipokwenda kutafuta nywele za kuvaa, wa kwanza kumfikiria alikuwa huyo upepo.

Nilikuwa nimeolewa na mtu wa Misigiri, tunakaa Mandewa, Singida mjini, tunauza mafuta ya alizeti sokoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Sisi tuliofulia majani ya mpapai wakati wa foleni, sasa tunachagua sabuni kwa harufu! Mitumba, redio, viatu vya kisigino, na mawigi yametundikwa dukani kama kuku walionyonyolewa. Nikiyaona nacheka. Mume wangu naye anacheka, ananiambia, "Siku moja nitakununulia, nione kama nitakutambua."

Akafa kabla ya kununua. Ugonjwa haukumkalia hata mwezi.

Kila ukoo na yao. Kwetu mjane huachwa alie. Ukoo wa mume wangu, siku ya kuanua matanga, wananyoa. Wembe, maji, kichwa cheupe. Tangu hapo haruhusiwi kukanyaga soko mpaka nywele ziote. Zikiota, wazee wanakuja na chanuo la mti. Ndugu aliyechaguliwa kumrithi analichomeka juu ya paji la uso. Likisimama bila kushikwa, msiba umekwisha na mwanamke ni wake, pamoja na nyumba, kibanda na mapipa ya mafuta.

Aliyechaguliwa alikuwa mdogo wake marehemu. Ana mke tayari, na kofia yake ya pama hata msibani haivui. Wembe haujakauka, keshaanza.

"Shemeji, wewe pumzika. Nikishavuna nakuja kukaa kibandani mpaka nywele ziote."

"Zangu huota polepole, shemeji."

"Basi nami nitakaa polepole."

Wenzake wakacheka. Mimi nikahesabu kitu kimoja tu: huyu akikalia kiti cha kibandani sokoni, hatanyanyuka, na mimi nitakuwa kitu kilichokutwa ndani ya kibanda. Nikaamua atakuta nimekikalia mwenyewe.

Utasema, si ungefunga kilemba? Jaribu wewe, kichwa hakina kitu. Kitambaa kinalala kama kwenye kibuyu, kila mtu anajua, na hakuna anayenunua mafuta kwa mjane aliyetoroka msiba. Ilibidi ziwe nywele, na zionekane zangu.

Nikaingia kwa mama mmoja mwenye duka karibu na msikiti, baba yake mtu wa pwani, mama yake wa hukuhuku. Akaniona kichwa, akaelewa.

"Pole na msiba, dada. Nikupe hili, jepesi, hata hulisikii."

"Jepesi silitaki. Nipe la kusikia."

Akashusha matatu. "Hili nailoni. Hili mchanganyiko. Hili nywele za mtu."

"Nitajuaje?"

Akanyofoa unywele mmoja mmoja, akawasha kiberiti. Wa nailoni ukajikunja ukawa kishanga cheusi, ukanuka mfuko wa plastiki. Wa mchanganyiko hivyo hivyo, na alipochoma wa pili kutoka humo humo ukawa jivu. Ndiyo ujanja wake. Wa mtu ukanuka kuku anayebabuliwa, na jivu lake ukilifikicha linapotea.

"Basi nipe za mtu."

"Taratibu. Za mtu nazo zina gredi." Akaleta jingine. "Pitisha vidole, toka juu kwenda chini. Haya, sasa toka chini kwenda juu."

La kwanza lilikwama kwenda na kurudi. Zile ziliokotwa, akasema, za kwenye vitana na sakafuni, shina la huyu limelala na ncha ya yule. Vumbi la sokoni na upepo, wiki moja unakuwa mkeka. La pili lilishuka kama maji, likapanda kwa kukwaruza kidogo. Hizo zilikatwa kichwa kimoja, zote zimelala upande mmoja. Gredi ya juu. Zilifika mgongoni, zimenyooka.

"Ni za nani?"

"Bara Hindi, wanasema. Wananyolewa huko, mambo ya dini yao."

Nikazishika. Kumbe tulikuwa wawili.

"Nachukua. Halafu nitazikata fupi, nizitie kalikiti, ziviringike."

Yule mama nusura alie. "Uzikate? Dada, urefu ndio bei! Kama unataka fupi chukua mchanganyiko."

"Mchanganyiko nikiupeleka kwenye moto wa saluni si utayeyuka kichwani kwangu?"

"Utayeyuka," akakubali.

"Na mjane wa juzi mwenye nywele za mgongoni, nani atamwamini? Nifungie."

Nililipa kwa mafuta, dumu baada ya dumu, na sijajuta hata tone. Saluni wakazikata zikabaki fupi kama zangu za zamani, wakaziviringa kidogo. Nikafungua kibanda. Upepo ukaja na vumbi lake kama kawaida, ukanipiga usoni. Kichwani hakikuondoka kitu. Wateja wakasema pole, wakapimiwa, wakaondoka.

Kumbe kuna mtu wa Misigiri alipita sokoni akaniona. Akapeleka habari kwao kwamba nywele za mjane zimeota tayari, na nyingi. Shemeji hakungoja kuvuna. Asubuhi moja natoka kwenda sokoni, nawakuta mlangoni, yeye na wazee wawili, chanuo limefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Shikamooni."

"Marahaba, mkwe."

Nikawapa viti na chai. Shemeji ananitazama kichwa, anatabasamu. "Zimeota haraka, shemeji. Ulisema polepole."

"Maji ya mjini."

Mzee mkubwa akasema, "Chomeka."

Akachomeka. Chanuo likasimama wima. Akaachia mkono, likasimama bado.

"Limesimama," akasema mzee. "Mwanamke amepata mwenyewe."

Nikainuka. Nikashika wigi kwa mikono miwili, chanuo likiwa humo humo, nikalivua nikamwekea magotini. Kichwa changu kilikuwa cheupe vile vile. Nilikuwa nimekinyoa alfajiri, maana ilikuwa Jumamosi.

"Limesimama kwenye hili. Ndilo lako, shemeji. Lirithi. Likupikie, likuzalie watoto."

Mzee mdogo alipaliwa na chai. Mkubwa akanikazia macho. "Na hicho kichwa?"

"Hiki nakinyoa kila Jumamosi, baba. Nyembe ni ruksa siku hizi, zimejaa maduka yote. Siku mtakayokuta chanuo linasimama kwenye ngozi, njooni mnichukue."

Mzee akapapasa kidevu. Mwisho akamgeukia shemeji. "Mila ni chanuo. Kwenye upara halisimami."

"Lakini mzee, huyu ametudanganya!"

"Nani alikutuma kuja kwa haraka?"

Shemeji akaliweka wigi juu ya kiti, taratibu, kama kitu kinachoweza kung'ata. Hakugusa chai. Akatoka, akavuka uwanja kuelekea stendi, wazee bado wamekaa wanakunywa, na hajarudi tena.