Kanuni za Kuazima Katika Kamusi Yetu

Kamusi ya Kindali, lugha ya kwetu, niliianza mwenyewe hapa Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha ninakojaza fomu za malori. Maneno niliyapata kwa shangazi zangu wa Ibaba. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha kwenye kompyuta, niliuweka wazi mtandaoni, anayetaka ausome na kuurekebisha. Tukawa watatu: mimi, binamu yangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na bwana mmoja wa Dar es Salaam ambaye hatujawahi kuonana.

Bwana huyo hakuongeza neno hata moja. Alichokuwa nacho ni maoni. Binamu akituma kazi, yeye analalamikia nafasi na alama za kunukuu. Mwishowe akaleta faili la kanuni za kuandika msimbo kutoka mradi mwingine, pamoja na kikaguzi, yaani programu inayopitia msimbo na kuonyesha kila mahali kanuni zilipovunjwa.

"Miradi yote ya maana inatumia hizi, dada," aliandika.

Nikakiendesha. Skrini ikajaa wekundu. Kanuni mojawapo ilikagua tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo kila jina la Kindali tulilotumia ndani ya msimbo lilihesabiwa kosa. Nikamuuliza tufanyeje.

"Badilisheni majina yawe ya Kiingereza."

"Umezisoma kanuni zenyewe?"

Akajibu kwamba zimeandikwa na wataalamu. Hakuwa amelifungua hilo faili lake. Watu wanaosaini karatasi wasizozisoma nawaona kila siku kazini, nawajua hata kwa maandishi.

Basi Jumamosi moja binamu akavuka, tukazisoma kanuni moja baada ya nyingine. Ya tahajia tukaifuta. Nyingi zilikuwa upuuzi usio na madhara. Moja ilinisuta: ilionyesha kipande nilichokiandika mimi halafu nikasahau kukiunganisha. Ndicho kilichopaswa kutafuta maneno ya wingi. Shangazi mmoja aliwahi kulalamika kwamba kamusi haiyaoni, nikamwambia anabonyeza vibaya.

"Mpigie," binamu akasema.

Nikampigia, nikamwomba radhi. Akauliza kama aliyeligundua kosa ni yule wa Dar.

"Hapana, shangazi. Ni kanuni alizoleta."

"Basi si ndiye yeye."

Sikubishana naye. Tukazipitisha zilizobaki. Wiki iliyofuata bwana yule akatangaza kwenye ukurasa wake kwamba ameongoza mageuzi ya kamusi ya Kindali. Hata salamu ya Kindali haijui.