Dereva Aliyengoja Injini Ipoe

Dereva wa lile lori kuukuu la dizeli lililotupeleka Nachingwea miaka ya hamsini alikuwa mtu wa sauti ya chini. Kila aliposimama alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akanusa kidogo, ndipo akasalimia watu. Kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi usiotoka hata siku ya Idi. Namkumbuka zaidi siku tuliyompakia dada yangu Sikuzani kutoka Mbekenyera, uchungu ukiwa umemshika tangu jana yake. Tulipoipita Ruangwa, mvuke ukafuka mbele ya lori. Rejeta ilikuwa imetoboka na maji yamevuja njia nzima.

“Tia maji twende, baba, mwanangu anakufa,” mama alimwambia, akimpa mtungi wetu.

“Mama, nikiyatia sasa injini itapasuka, na hapo hatutafika kabisa. Naomba tungoje ipoe.”

Alisema hivyo kwa upole, huku akikanda kipande cha sabuni cha kuzibia tundu. Kila Sikuzani alipolia, yeye alifumba macho. Injini ilipopoa aliziba, akajaza maji taratibu, akaendesha polepole, akisimama mara kwa mara kuongeza.

Tulifika hospitali adhuhuri, na alasiri mtoto akazaliwa. Nilipotoka nje nilimkuta dereva bado ameketi kwenye bampa.

“Wamepona wote wawili?”

Nikamwambia ndiyo, ni mtoto wa kike. Akanishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyeendesha, kisha akajifunika uso kwa viganja, akalia.